SharePoint kama intraneti ya ofisi: inafaa, ila wiki ya kwanza ndiyo inayoamua

Mfanyakazi anatafuta fomu ya likizo. Akiikosa kwenye tovuti ya ndani kwa dakika moja, anaiulizia kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, na mwenzake anamrushia faili ya mwaka juzi yenye nembo ya zamani. Intraneti nyingi hufa hivyo, seva ikiwa nzima kabisa. Watu huzoea kwamba vitu havipatikani humo, na wakishazoea hawarudi.

Kwa kipimo hicho cha fomu ya likizo, SharePoint Online ya Microsoft, mfumo wa kujengea tovuti za ndani na kutunza faili, ni chombo kizuri, na ofisi ambayo tayari inalipia Microsoft 365 haina sababu ya kununua mfumo mwingine. Lakini lawama nyingi inazobebeshwa hazitokani na programu yenyewe. Zinatokana na maamuzi machache ya wiki ya kwanza, yanayofanywa haraka na mtu aliyeambiwa tu "tutengenezee intraneti". Tunaanza na maamuzi hayo, kisha tunaingia kwenye hitilafu zinazofika mezani kwa fundi wiki hadi wiki. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa sababu SharePoint haina vitufe vya Kiswahili.

Kwanza gharama. SharePoint imo hata kwenye leseni ya Business Basic, ambayo ndiyo ya chini katika zile za biashara, na mashirika yasiyo ya kiserikali yanayokubaliwa na Microsoft hupewa hadi leseni 300 za aina hiyo bila malipo. Nafasi ya kuhifadhi ni TB 1 kwa taasisi nzima, ikiongezeka GB 10 kwa kila leseni. Ofisi ya watu 80 ina TB 1 na GB 800, na hiyo ni mbali na OneDrive, hifadhi binafsi ya faili ya kila mtu. Nafasi hiyo huliwa zaidi na matoleo ya zamani ya faili kuliko faili zenyewe: kwa kawaida maktaba, yaani sehemu ya tovuti inayowekwa faili, hutunza hadi matoleo 500 ya kila faili. Kitabu cha Excel cha MB 20 kinachofunguliwa na kubadilishwa kila siku kinaweza kumeza GB kadhaa bila mtu kutambua. Ingia kwenye mipangilio ya maktaba, fungua Versioning settings, shusha idadi hadi 100.

Wenye SharePoint Server 2016 au 2019 kwenye chumba chao cha seva wajue kuwa tarehe ya mwisho ya msaada kwa matoleo yote mawili ni 14 Julai 2026. Baada ya hapo hakuna viraka vya usalama. Yanayofuata yanahusu toleo la mtandaoni.

Aina ya tovuti

Ukibofya Create site unaulizwa kitu kimoja ambacho watu hukijibu bila kufikiri: Team site au Communication site. Tovuti ya timu ni chumba cha kazi. Imefungwa pamoja na kikundi cha Microsoft 365, ina sanduku la barua pepe na kalenda ya pamoja, na kila aliyemo kama mwanachama anaweza kuandika, kubadilisha na kufuta. Tovuti ya mawasiliano ni ubao wa matangazo: wachache wanaandika, wengi wanasoma. Intraneti ni hiyo ya pili.

Kosa linalorudiwa kila mahali huanzia Teams, programu ya Microsoft ya gumzo na vikao. Mtu anafungua timu inayoitwa "Ofisi Yote", anaona SharePoint imejitengeneza nyuma yake, anaanza kupamba ukurasa wa mwanzo. Miezi mitatu baadaye mfanyakazi mmoja anafuta folda ya sera akidhani anasafisha nakala yake. Hakuvunja sheria yoyote, kwa kuwa mfumo ulimpa ruhusa hiyo siku alipoingizwa kwenye timu. Na tovuti ya timu ikiwekwa Public kwa nia njema ya kuwafungulia wote, hatari ni kubwa zaidi: kila mwenye akaunti ya ofisi huingizwa upande wa Members, yaani anaweza kuhariri. Wengi hudhani Public maana yake ni kusoma tu. Siyo.

Tovuti ya timu iliyofungwa na kikundi haigeuzwi kuwa ya mawasiliano kwa kubofya kitufe. Inabidi uunde mpya na kuhamisha faili na kurasa, kazi ambayo ingeepukwa kwa jibu moja sahihi mwanzoni.

Kwa ofisi ya kati tunashauri mpango huu. Tovuti moja ya mawasiliano iwe ya mbele, iandikishwe kuwa kitovu (Hub site) kupitia kituo cha wasimamizi cha SharePoint. Kila idara iwe na tovuti yake ndogo iliyounganishwa na kitovu hicho: rasilimali watu, fedha, ununuzi. Menyu ya juu na mandhari vitafuata kitovu, lakini ruhusa hazifuati. Kila tovuti inabaki na kufuli yake. Hilo la mwisho ni faida kubwa, na pia ndilo linalowachanganya watu wanaotegemea kwamba kuunganisha tovuti na kitovu kutawafungulia wasomaji mlango.

Saa, tarehe na lugha

Hapa ndipo ofisi za Afrika Mashariki huumia kimyakimya. Tovuti mpya huzaliwa na saa za Pasifiki, Marekani, isipokuwa kama msimamizi alishabadilisha. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko mbele ya saa hizo kwa saa 10 au 11, kulingana na majira yao ya kule. Faili iliyohifadhiwa saa tatu asubuhi Jumanne inasomeka kana kwamba ilihifadhiwa saa nne au tano usiku wa Jumatatu. Mkaguzi akiuliza nani alibadilisha bajeti usiku, mtu asiye na kosa anaitwa kujieleza.

Rekebisha mara mbili. Kwenye kituo cha wasimamizi fungua Settings, kisha Site creation, chagua (UTC+03:00) Nairobi ili tovuti zitakazoundwa baadaye zizaliwe sawa. Zilizokwisha kuundwa hazitabadilika, kwa hiyo ingia kila moja: Site information, View all site settings, Regional settings. Hapohapo badilisha Locale iwe English (United Kingdom), la sivyo 03/04 itasomeka Machi 4 badala ya 3 Aprili, na tarehe za mikataba si mahali pa kukisia.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna mwongozo wa Microsoft utakuambia. Kalenda haijui saa za Kiswahili. Mwandishi wa tangazo anaandika "kikao saa 4:00", anayeingiza tukio anaandika 4:00 AM, na simu za watu zinalia alfajiri. Kubalianeni kwamba kwenye kisanduku cha saa huingia 10:00, na kwenye maelezo ya tukio huandikwa "saa nne asubuhi" kwa maneno.

Kuhusu lugha: lugha ya tovuti huchaguliwa wakati wa kuiunda na haibadilishwi tena. Kiswahili hakimo kwenye orodha hiyo, wala kwenye kipengele cha kurasa za lugha nyingi. Lakini hakuna kinachokuzuia kuandika kila kitu unachokidhibiti kwa Kiswahili: menyu, vichwa, majina ya safu, maelezo, matangazo. Kitakachobaki kwa Kiingereza ni vitufe vya mfumo. Ofisi inayohitaji lugha mbili itengeneze ukurasa mmoja kwa kila lugha na kuweka kiungo cha wazi juu ya kila mmoja kwenda kwa mwenzake. Ni kazi ya mikono, ila haiharibiki.

Sura ya tovuti

Mabadiliko ya kawaida yanafanyika ndani ya dakika ishirini. Bofya gurudumu la Settings, kisha Change the look. Theme ni rangi, Header ni kichwa cha ukurasa, Navigation ni menyu, Footer ni sehemu ya chini. Nembo iandae mara mbili: moja ya mlalo yenye pikseli 192 kwa 64, nyingine ya mraba 64 kwa 64 kwa ajili ya kadi na matokeo ya utafutaji. Ukiweka ile ya mlalo peke yake, kwenye kadi itakatwa kando. Rangi halisi za ofisi huwekwa na msimamizi kupitia PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kwa amri ya Add-SPOTheme, kisha zinaonekana kwenye tovuti zote. Kabla ya kuzikubali, soma maandishi meupe juu ya rangi hiyo kwenye skrini ya simu ukiwa juani. Njano nyingi za nembo zinaanguka hapo.

Picha ndizo zinazofanya ukurasa uwe mzito. Picha ya simu ya MB 5 ikipandishwa ilivyo, mfanyakazi wa kituo cha mashambani anailipia kwa bando lake kila anapofungua. Punguza upana hadi pikseli 1,600 au 1,920 na uihifadhi kama JPEG. PNG iache kwa nembo na michoro. Lengo liwe chini ya KB 300, ambacho ndicho kikomo kinachotumiwa na kifaa cha Microsoft cha kupima kurasa, Page Diagnostics. Hiki ni kiendelezi cha bure cha Chrome na Edge: fungua ukurasa, kiwashe, bofya Start, nacho kinakuonyesha picha nzito na vipande vya ukurasa vinavyochelewesha. Wanaolalamika "SharePoint ni nzito" waanze hapo kabla ya kumpigia simu mtoa huduma ya intaneti.

Kwenye kipande cha Hero, yaani picha kubwa za juu ya ukurasa, picha hukatwa tofauti kwenye kompyuta na kwenye simu. Ndiyo maana mkurugenzi anaonekana mzima ofisini lakini kwenye simu kabaki kidevu. Ukiwa kwenye uhariri, bofya picha, chagua Set focal point, buruta kile kidoti hadi usoni. Sekunde tano tu.

Menyu inaruhusu ngazi tatu na Mega menu inaonyesha zote kwa pamoja. Usiipange kwa idara. Mfanyakazi mgeni hajui kama fomu ya kurejeshewa nauli iko kwa fedha au kwa utawala. Anachojua ni kwamba anataka kurejeshewa nauli. Andika "Omba likizo", "Rejesha nauli", "Ripoti kompyuta mbovu". Mabadiliko haya madogo ya maneno yana faida kuliko rangi zote.

Utakutana na maelekezo ya zamani yanayokuambia ubandike CSS au JavaScript kwenye ukurasa. Achana nayo. Kurasa za kisasa hazina mahali pa kubandika msimbo huo, na ruhusa ya maandishi ya aina hiyo, hata msimamizi akiifungua kwa tovuti moja, hujifunga tena baada ya saa 24. Njia inayokubalika ni kujenga kwa SharePoint Framework, yaani kumlipa mtengeneza programu na kumtunza. Ofisi nyingi hazihitaji.

Orodha, na ule ukuta wa 5,000

Orodha za SharePoint ni sehemu tunayoipenda kuliko zote. Daftari la wageni, maombi ya magari, rejesta ya mali: vyote vinaingia vizuri kuliko kwenye Excel, kwa sababu watu kumi wanaweza kuandika kwa wakati mmoja na kila badiliko lina jina la aliyelifanya.

Kisha siku moja orodha inakataa kufunguka na kusema umezidi kikomo cha mwonekano (View), yaani namna rekodi zinavyochujwa na kuonyeshwa. Watu huogopa kwamba rekodi zimepotea. Hazijapotea. Orodha moja inaweza kubeba hadi rekodi milioni 30. Kilichokwama ni swali ulilouliza. Chini ya SharePoint kuna hifadhidata ya SQL Server, ambayo ombi likigusa safu mlalo zaidi ya takriban 5,000 kwa mara moja huanza kufunga jedwali zima badala ya safu mlalo mojamoja. Jedwali hilo linatumiwa na wengine pia, hivyo mfumo unakataa kabla ya kufika hapo.

Fanya hesabu yako mapema. Daftari la mahudhurio la watu 60, wakisaini asubuhi na jioni, ni rekodi 120 kwa siku. Linagonga 5,000 siku ya 42 ya kazi, yaani ndani ya miezi miwili tangu kuzinduliwa.

Tiba ni faharasa (index), inayouwezesha mfumo kufikia rekodi bila kuzipitia zote, pamoja na kichujio. Fungua List settings, shuka hadi Indexed columns, tengeneza faharasa ya safu ya tarehe; orodha moja inaruhusu hadi faharasa 20. Kisha unda mwonekano unaochuja kwa safu hiyohiyo: tarehe ni kubwa kuliko au sawa na [Today]-30. Ufanye uwe wa kwanza kufunguka. Kwa rekodi 120 kwa siku, siku 30 hazifiki hata 3,600, kwa hiyo uko salama. Wanaokosea hufanya mojawapo ya mawili: huweka faharasa bila kichujio, au huweka kichujio cha safu isiyo na faharasa mbele ya ile iliyo nayo. Kichujio cha kwanza ndicho lazima kiwe na faharasa na kirudishe chini ya 5,000. Kupunguza idadi ya mistari inayoonyeshwa kwa ukurasa hakusaidii, kwa sababu mfumo bado unalazimika kuzipitia zote ili kujua zipi ni za kwanza. Weka faharasa siku ya kuunda orodha, ikiwa bado tupu.

Jambo la pili kwenye orodha ni majina ya safu. Kila safu ina jina linaloonekana na jina la ndani, na la ndani halibadiliki kamwe hata ukibadilisha linaloonekana. Ukiunda safu "Tarehe ya kuanza" kupitia mipangilio ya zamani, jina la ndani linakuwa Tarehe_x0020_ya_x0020_kuanza. Ukiileta orodha kutoka Excel, unaweza kupata field_1, field_2, field_3. Yule atakayekuja kutengeneza mtiririko wa Power Automate (kazi zinazojiendesha zenyewe) au rangi za hali ya ombi atateseka kukisia field_7 ni nini. Unda safu kwa neno moja fupi, TareheKuanza, hifadhi, kisha libadilishe kuwa jina zuri la kusomeka. Ukitaka kujua jina la ndani la safu iliyopo, ibofye ndani ya List settings na utazame mwisho wa anwani kwenye kivinjari, baada ya neno Field=.

"Mimi naiona, wao hawaioni"

Malalamiko haya yana vyanzo vinne, na vinachunguzwa kwa utaratibu. Kabla ya yote, uwe na akaunti ya majaribio isiyo na cheo chochote, na uifungulie dirisha la faragha la kivinjari. Mwenye tovuti anayejaribu kwa akaunti yake mwenyewe hatapata kosa hata akikesha.

Chanzo cha kwanza ni rasimu. Ukihariri ukurasa na kubofya Save as draft, wenye ruhusa ya kuhariri wanaona mapya. Wasomaji wanabaki na toleo la mwisho lililochapishwa, na kama halijawahi kuchapishwa hawaoni kitu. Tazama kitufe cha juu kulia: kikisema Publish au Republish, bado hujachapisha.

Cha pili ni picha. Ukurasa unafunguka vizuri lakini picha ni mraba wa kijivu. Picha unayoipandisha kwenye ukurasa huenda kwenye maktaba ya Site Assets, ndani ya folda ya SitePages, kila ukurasa na folda yake. Mtu akiwa amefunga ruhusa za maktaba hiyo akidhani ni ya mafundi tu, wasomaji wanapata maandishi bila picha. Ingia Site contents, Site Assets, mipangilio, Permissions for this document library, kisha Delete unique permissions ili irithi ruhusa za tovuti.

Cha tatu ni hadhira. Audience targeting huamua kiungo au habari imwonekanie nani, lakini siyo kufuli. Inaficha tu. Mwenye kiungo cha moja kwa moja, au anayeitafuta, ataifikia. Mishahara haifichwi kwa njia hii, na tunasisitiza hilo kwa sababu madhara yake hayarekebishiki.

Cha nne ni ruhusa zenyewe. Fungua Site permissions, Advanced permissions settings, kisha Check Permissions, uandike jina la mlalamikaji. Jibu linakuja na sababu: amepewa nini na kupitia kikundi kipi. Kwa intraneti, weka Everyone except external users kwenye Visitors na usimwongeze msomaji mmojammoja. Kama jibu linasema ana ruhusa lakini folda moja inamkatalia, basi folda hiyo imeacha kurithi. Mara nyingi hakuna aliyekusudia. Mtu alibofya Share na kumtumia mwenzake kiungo, na kitendo hicho chenyewe huipa faili ruhusa zake za pekee. Microsoft inashauri ruhusa za pekee zisizidi 5,000 kwa orodha au maktaba moja. Muda mrefu kabla ya hapo utakuwa umeshapotea njia, kwa hiyo tenganisha siri kwa tovuti au kwa maktaba, usitenganishe kwa faili mojamoja.

Kuna kisa cha tano, adimu lakini kinachowamaliza mafundi. Asha anaondoka, akaunti yake inafutwa. Anaajiriwa Asha mwingine, anapewa anwani ileile. Kila mahali anafanya kazi, ila SharePoint inamkatalia hata ukimpa umiliki wa tovuti. Sababu ni kwamba tovuti bado inamkumbuka yule wa zamani kwa namba yake ya utambulisho, na namba hazilingani. Ongeza mwisho wa anwani ya tovuti maneno haya: /_layouts/15/people.aspx?MembershipGroupId=0. Itafunguka orodha ya wote waliowahi kutambuliwa hapo. Mtie alama, Actions, Delete Users from Site Collection, kisha umpe ruhusa upya. Rudia kwenye kila tovuti inayomkatalia.

Hitilafu nyingine kwa haraka

Kitu hakionekani kwenye utafutaji. Kwanza hakikisha kimechapishwa, kisha tazama mipangilio ya tovuti, Search and offline availability, kama imeruhusiwa kuonekana. Ukiwa umebadilisha safu au mipangilio, bofya Reindex mara moja kwenye Advanced settings za maktaba na usubiri. Kuibofya kila baada ya nusu saa hakuharakishi. Kumbuka kwamba kipande cha Highlighted content hutegemea utafutaji huohuo, kwa hiyo waraka wa sasa hivi kuchelewa kutokea pale si hitilafu. Unapohitaji kitu kionekane papo hapo, tumia kipande cha Document library. Kwa maneno ambayo wafanyakazi hutumia na nyaraka hazitumii, "ruhusa" badala ya "likizo" kwa mfano, msimamizi aweke Bookmarks kwenye sehemu ya Search & intelligence ya kituo cha wasimamizi cha Microsoft 365.

Ramani au fomu ya nje inakataa kupachikwa. Ukisoma kwamba tovuti hiyo haikubaliwi, mmiliki mkuu wa tovuti aongeze kikoa hicho kwenye HTML Field Security. Ukiwa umeongeza na bado kuna kisanduku cheupe, tatizo liko upande wa pili: wenye tovuti ile wamezuia isifunguliwe ndani ya nyingine. Mifumo mingi ya benki na ya serikali iko hivyo, na ni sawa kiusalama. Weka kiungo cha kawaida.

Ukurasa umegoma kwa sababu ya kipande kimoja kibovu. Ongeza ?maintenancemode=true mwisho wa anwani yake. Vipande havitaendeshwa, vitaorodheshwa tu pamoja na taarifa zao. Ingia kwenye uhariri ufute kilichoharibika. Ikishindikana, rudi kwenye maktaba ya Site Pages, Version history, rejesha la jana.

Faili haziteremki kwenye kompyuta kupitia OneDrive. Tazama majina. Njia nzima ya faili, folda zote zikihesabiwa, isizidi herufi 400, na alama " * : < > ? / \ | haziruhusiwi. Jina "Ripoti 12/03/2024" ndilo mkosaji wa kila siku. Liandike "2024-03-12 Ripoti" na faili zitajipanga kwa tarehe zenyewe.

Faili imefutwa. Hukaa kwenye Recycle bin ya tovuti, na ikifutwa humo huenda kwenye pipa la pili linaloonekana na wasimamizi wa tovuti tu, kiungo chake kiko chini kabisa ya ukurasa wa pipa la kwanza. Jumla ni siku 93 tangu ilipofutwa mara ya kwanza. Kuhamia pipa la pili hakuanzishi hesabu upya. Kama kilichoharibika ni maktaba nzima, kwa mfano mtu kabadilisha majina ya faili mia mbili kwa bahati mbaya, tumia Restore this library, inayorudisha hali ya siku yoyote kati ya 30 zilizopita. Ila inarudisha nyuma maktaba yote, pamoja na kazi halali iliyofanywa baada ya saa hiyo, kwa hiyo watangazie watu waache kuandika na wahifadhi nakala za walichofanya leo kabla ya kubofya.